Mgeni wa Siku Thelathini

Safari hii sina haraka.
Tangi la pili ni dogo, lita arobaini tu.
Fundi wa vioo wa Ngara aliniuliza
kama nafuga au nazika,
maana ndani sitaki mchanga, sitaki jiwe,
sitaki hata kigae cha tumbawe cha kudanganyia macho.
Vipande vitatu vya bomba la plastiki, basi.
Jiwe hunywa dawa. Mchanga huficha maradhi.
Hayo niliyajua baada ya kulipa ada.

Ada yenyewe ilikuwa mwezi wa Machi:
kitatange mmoja, mkali wa rangi kama leso mpya,
nikamtia moja kwa moja sebuleni kwa wenziwe.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikasema, nikacheka.
Siku ya nne, punje nyeupe kwenye mapezi,
kama mtu kanyunyiza chumvi juu ya chumvi.
Siku ya tisa nilikuwa nawaopoa kwa upawa wa uji.
Hakupona mwenyeji. Hakupona mgeni.
Nyaboke hakusema neno.
Aliuchukua ule upawa, akautupa.

Sasa ni Julai, Pangani, ghorofa ya nne.
Baridi imekaa kwenye saruji kama mdai.
Tangi kubwa lina konokono peke yao,
miezi yote hii, ili ugonjwa ufe njaa.
Maji ya mfereji huja Jumanne, na Ijumaa usiku;
nayakinga, nayalaza, klorini itoke,
kisha napima chumvi kwa kikombe kisicho na mkono,
nakoroga kwa mwiko ulioandikwa SI WA UGALI.
Bahari, kwa mizani yangu ya jikoni,
ni gramu thelathini na tano kwa lita.
Naipasha moto kwa hita ya kichina
mpaka kipimajoto kikubali.

Alfajiri boksi limefika Accra Road,
limezungushiwa utepe na Mbwana Shee wa Kilifi,
ambaye hufunga kila kitu kama anafunga siri.
Ndani, mfuko. Ndani ya mfuko, giza,
na ndani ya giza kangaja mmoja wa buluu,
ubavu umebonyea, jicho halinitaki.
Mpira mwembamba, fundo moja, tone,
tone,
maji yangu yanaingia kwake kwa adabu.
Nusu saa nimechuchumaa stoo.

Hafswa wa jirani, miaka saba,
alikuja kuomba kiberiti, akachungulia.
"Amefanya nini?"
Hajafanya kitu.
"Sasa mbona mmemfunga?"
Nikafungua kinywa. Methali zote nilizorithi
zilikuwa upande wake.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hakuna iliyosema: mgeni siku thelathini,
mpe shaba kwa matone, hesabu pumzi zake,
mlishe mwani uliopondwa na kitunguu saumu,
andika daftarini,
na usimpende bado.

Siku ya kumi na moja stima ikapotea.
Saa nne usiku. Pampu ikanyamaza,
na ukimya wake ukaniamsha
kama jina langu limeitwa.
Nilipofika stoo, Nyaboke alikuwa hapo,
blanketi letu amelizungushia kioo,
tochi ya simu ameibana kwa kidevu,
na kwa upawa mpya, sijui aliununua lini,
anachota maji, anayainua, anayamwaga,
anachota, anayainua, anayamwaga,
ili hewa iingie.
Tukapokezana hadi saa kumi na moja.
Hatukuzungumza habari za Machi.
Alisema tu, "Themanini na mbili kwa dakika,"
nikajua alikuwa akihesabu.

Asubuhi nilifungua daftari.
Siku ya kumi na mbili, kwa mwandiko wake:
Amekula. Hana doa.
Anaitwa Mosoti.

Zimebaki kumi na nane.